Siku ya Tatu

Shangazi Ng'washi alishuka meli ya Nansio Jumanne,
na barua ya Bugando na kapu la viazi,
akalala ukingoni mwa godoro langu, Mabatini,
amejikunja kama risiti mfukoni.
Nikimwambia, nyoosha miguu, ananijibu:
hapa panatosha.

Jumanne hiyohiyo niliiweka Linux
ndani ya kompyuta ya chama cha wauza dagaa, Mwaloni:
mashine ndani ya mashine,
mgeni tumboni mwa mwenyeji.
Naye alikuwa vilevile.
Skrini yake kama bahasha katikati ya giza,
weusi pande zote nne, hathubutu kuugusa.
Kipanya kikiingia kwake hakitoki
mpaka nibonyeze Ctrl ya kulia,
kama kumtoa mbuzi chumbani kwa pembe.
Hesabu za chama zipo upande wa pili wa ukuta,
magunia, madeni, majina ya akina mama,
na mgeni hazioni.
Yu hai, basi. Hana la kufanya.

Mgeni siku mbili, husema watu,
na ya tatu tunaijua sote,
ila hakuna anayetaja
jembe lenyewe linatoka wapi,
na mpini nani kauchonga.

Alhamisi, saa nne usiku.
Nikapachika diski ya zana,
diski isiyo na duara wala mng'aro, jina tupu.
Nikaomba mamlaka ya mzizi,
nikaandika nenosiri lisiloonekana likiandikwa,
nikabonyeza.
Ikakataa.
Vichwa vya kernel havipo, ikasema.
Nikacheka peke yangu:
unamletea mtu jembe,
anakuuliza kwanza udongo wa hapa ni wa namna gani.

Nikavitafuta kwa bando la shilingi mia tano,
toleo lifanane mpaka tarakimu ya mwisho,
megabaiti kumi na mbili.
Bando likafa kwenye ya kumi na moja.
Nikamwomba Lushinge wa getini aniwashie mtandao wa simu yake.
Usiku huu, akauliza, unafanya nini?
Nafua jembe.
Akaitazama mikono yangu, akawasha, akanyamaza.

Mistari ikaanza kupanda,
na nje, kwenye taa ya ukutani, wadudu wa ziwa nao wakipanda,
wingu zima lililotoka majini bila kutumwa.
Umeme ukakatika.
Betri ikashika. Mimi nikashika pumzi.

Anzisha upya.

Ikafunguka mpaka pembeni,
kama mtu aliyekuwa akiambiwa kaa, kaa,
sasa ameketi kweli.
Kipanya kikavuka mpaka bila kuulizwa cheti.
Folda tu ndiyo iliyogoma: ruhusa huna.
Kosa langu. Nilisahau kumwandika
katika kundi la wanaofungua kabati.
Nikamwandika, akatoka, akabisha hodi tena,
na hao hapo:
Nyanzala magunia saba, deni nusu;
Kabula matatu, amelipa;
Mbula, hakuna tarakimu, alama ya kuuliza tu.
Saa yake ilikuwa imeganda Jumanne,
nilipomfunga bila kumzima.
Ikaruka siku mbili kwa pigo moja
ikasimama ilipo yangu.

Nikapanda majabali ya Mabatini kwa tochi ya simu,
mguu huku, mkono kule,
maji ya kuoshea vyombo vya mtu yakinipita yakishuka.
Shangazi yu macho, ameketi mlangoni.
Ndoo zako ziko wapi? akaniuliza.
Na bomba? Watu wanapanga foleni saa ngapi?
Nilitaka kumwambia apumzike,
daktari ni Jumatatu, mgongo ndio uliomleta.
Nikaziona nyayo zake, zimesimama wima, zinangoja.
Nikamwonyesha ndoo. Ile ndogo.
Nikamwonyesha ufagio, na jiko lenye mguu mbovu,
na kijiwe cha kuliegemezea.

Nilipozima taa na kugeuka,
nilimkuta amenyoosha miguu
mpaka upande wangu wa godoro.